Habari Ziwafikie

Mtu aliyesikia jina la mwenzake likitajwa katika matangazo ya vifo hakuwa na ruhusa ya kulala nalo. Sheria hii haikuandikwa popote, wala sikumbuki mkutano wa kijiji ulioipitisha, lakini katika miaka yangu ya kufundisha wilaya za Mbulu na Hanang niliwaona wakiitii hata watu ambao hawakutii sheria nyingine. Mlevi aliitii. Mzazi aliyekuwa akinikimbia kwa sababu ya mchango wa madawati aliitii. Mtu alisikia redioni kuwa fulani wa kitongoji fulani amefiwa, akaweka kikombe chake chini, akachukua fimbo yake na kutoka.

Wajukuu zangu huiona redio yangu ya zamani juu ya kabati, National ya bendi tatu iliyokuwa ikila betri nne kubwa, nao huniuliza inachajiwa wapi na ilikuwa na stesheni ngapi. Nikiwaambia kuwa kwa hesabu ya kweli stesheni ilikuwa moja, hunihurumia. Siwalaumu. Mimi nami niliwahi kumhurumia baba yangu kwa sababu ujana wake ulipita bila redio yoyote. Lakini naona wananihurumia mahali pasipostahili, na kile walichokikosa hasa hawajui hata kukiulizia. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Redio ilianza Tanganyika kwa sauti ndogo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilianzisha Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwanzoni haikusikika mbali na mji wenyewe. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaichukua redio mikononi mwake na kuipa jina ambalo watu wa rika langu hatulisikii bila kukaa sawa: Radio Tanzania Dar es Salaam. Sisi wa nyanda za juu tuliipata kwenye masafa mafupi, vizuri zaidi jioni kuliko mchana, kwa msaada wa waya uliofungwa kwenye tawi la mti nje ya nyumba. Upepo ukivuma kutoka bonde la ufa, sauti iliondoka na kurudi kama mtu anayeongea huku akitembea. Tulipata pia Idhaa ya Kiswahili ya BBC na ile ya Sauti ya Ujerumani, lakini London haikujua nani amefariki Dongobesh.

Radio Tanzania ilijua. Baada ya salamu za wagonjwa, mashairi, hotuba na muziki, ulifika wakati wa matangazo ya vifo, na nyumba yote ilinyamaza. Maneno yalikuwa karibu yale yale kila siku. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana. Habari ziwafikie fulani wa Mbulu, fulani wa Katesh, fulani wa Moshi, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo.

Popote walipo. Mtangazaji alikaa Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, mbele ya karatasi, hajui walipo. Aliyejua ni yule mwenye duka aliyekuwa amefungua redio yake juu ya kaunta, pamoja na wanunuzi watatu waliosimama hapo. Fulani wa Katesh hakuwa na redio, au alikuwa nayo lakini betri zimekwisha, au alikuwa malishoni. Kwa hiyo redio ilifanya nusu ya safari tu, kutoka Dar es Salaam hadi dukani, na nusu iliyobaki ilifanywa kwa miguu na mtu ambaye hakulipwa na mara nyingi hakuwa hata ndugu.

Hata ile nusu ya kwanza haikuwa nyepesi. Aliyefiwa Mbulu alikwenda kwanza mjini, Posta, akaandika simu ya maandishi kwa ndugu yake wa Arusha au Dar es Salaam, akihesabu maneno kwa kuwa kila neno lililipiwa. Wengine waliomba msaada misheni au polisi, kwenye simu ya upepo. Yule ndugu wa mjini ndiye aliyekwenda kulipia tangazo. Kwa hiyo mpaka jina lifike hewani, lilikwisha kupita katika mikono ya watu wanne au watano, na kila mmoja angeweza kulizembea.

Ningependa msomaji kijana aelewe hali ya nchi yetu wakati huo. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Hanang ilikuwa na muda mfupi tu tangu itengwe na Mbulu mwaka 1969. Babati ilikuwa bado ndani ya Hanang, ikatoka mwaka 1985, na Karatu ilikuwa bado ndani ya Mbulu. Wote tulikuwa Mkoa wa Arusha, mpaka Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002. Katika eneo hilo wanaishi Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, pamoja na Wagorowa, Wadatoga na jamaa zao Wabarabaig, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Wanyaturu na Wanyiramba. Tangazo lilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili. Likifika dukani liligeuzwa Kiiraqw, njiani likageuzwa Kidatoga, na aliyelipokea mwisho pengine hakujua kuwa lilianza redioni.

Majina yetu yaliwatesa watangazaji. Kiiraqw kina sauti ambazo mtu wa Pwani hazimo kinywani mwake. Tluway, jina linalotokana na mvua, lilikuwa Tuluwai au hata Taluai. Tlawi, iliyo karibu na Mbulu mjini, ilibatizwa upya kila mwezi. Kwa kuwa wenye jina Tluway ni wengi kama matone yenyewe, ulizuka mjadala kila lilipotajwa: ni yupi huyu, wa Dareda au wa Haydom, mtoto wa nani? Niliwahi kuona familia ikilia usiku kucha kwa kifo kisichokuwa chao, kisha asubuhi wakacheka kwa aibu, na mchana wakaenda kuwapa pole waliofiwa kweli. Kujua jina ni la nani ilikuwa elimu, na wazee ndio waliokuwa maprofesa wake.

Desturi ya kukaa pamoja mbele ya redio ilikuwapo tangu zamani, lakini serikali iliitia nguvu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki 12 na kuwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si zamani, nikapewa kikundi. Tulisikiliza habari za malaria na kuhara damu, tukajadiliana, tukapanga siku ya kuchimba vyoo. Mzee mmoja alisema choo ni jambo jema ila kisichimbwe karibu na mizinga yake ya nyuki, na tukabishana juu ya mizinga kwa wiki mbili. Kampeni iliisha, kitabu kikachakaa, lakini watu hawakuacha kuja. Redio ilikuwa yangu sasa, nimeinunua kwa mshahara wangu, ila jioni haikuwa yangu.

Hapo ndipo nilipoanzisha daftari. Chuoni tulifundishwa kuwa kitu ambacho mwalimu hakukiandika hakikutokea, na huenda nililichukulia somo hilo kwa uzito kupita kiasi. Nilipiga mistari na kufanya safu nne: tarehe, jina la anayeitwa, mahali, na aliyepeleka. Jina likitajwa la mtu wa upande wetu, niliandika tatu za kwanza papo hapo, nikauliza waliokuwapo, "Nani anakwenda?" Ya nne ilijazwa baada ya mpelekaji kurudi. Nilipohamishwa nililichukua. Ninalo mpaka leo, limeliwa kidogo na mchwa pembeni.

Majina katika safu ya nne ni ya watu ambao hakuna historia nyingine iliyowaandika. Kuna mama aliyekuwa mjamzito wa miezi saba. Kuna wavulana wawili wa darasa la sita waliotumwa pamoja kwa sababu ya fisi. Kuna fundi cherehani mlemavu aliyepanda punda. Kuna jina la mtu mmoja linalojirudia mno, mtu ambaye kijijini alihesabiwa kuwa mvivu, shamba lake limejaa magugu. Nadhani alipenda kutembea.

Betri zilikuwa taabu yetu kubwa. Wengi waliziita mawe, na kweli zilikuwa nzito kama mawe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchini kote. Mnakumbuka sabuni, mnakumbuka sukari. Betri zilipatikana kwa mgawo katika duka la kijiji, na aliyepata mbili alitafuta mwenye mbili. Tulizianika juani mchana, tukaziweka karibu na jiko usiku, tukazigonga, na bado zilitoa sauti ya mtu aliyezama kisimani. Tulifungua redio kwa ajili ya mambo mawili tu, matangazo ya vifo na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kisha tukafunga.

Aprili 1982 betri zangu zilikufa kabisa. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Bassotu, Hanang, mbali na ziwa, na masika yalikuwa yamekolea. Anayeujua udongo mweusi wa huko anajua masika maana yake nini. Unatembea na kilo mbili za nchi katika kila kiatu. Baba yangu alifariki siku ya Jumamosi nyumbani kwetu Kainam. Mdogo wangu aliteremka Mbulu mjini Jumatatu na kupeleka simu kwa binamu yetu wa Dar es Salaam. Tangazo lilisomwa Jumanne na Jumatano. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nikisahihisha madaftari kwa taa ya chemli, redio iko mezani, bubu.

Alhamisi alfajiri mlinzi wa shule alinigongea. Alikuwa na mzee wa Kibarabaig, mrefu, shuka lake limelowa hadi kiunoni, mkuki mkononi. Sikuwahi kumwona. Lazima niseme jambo ambalo vijana wa leo hawalijui vizuri: kati ya Wairaqw na Wabarabaig palikuwa na historia ndefu ya kuibiana ng'ombe na kuuana, na mimi mwenyewe nililelewa kwa kutishwa na jina la Wamang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi kwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la adui. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni na mkuki, moyo wangu haukukaribisha.

Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Alisema, "Mwalimu. Redio inakuita. Baba."

Mlinzi, aliyejua Kidatoga, akanifasiria yaliyobaki. Mzee alikuwa dukani Bassotu jioni akitafuta chumvi. Mwenye duka alisikia jina langu, akauliza nani anakwenda upande wa shule. Hakuna aliyekuwa akienda. Mzee naye hakuwa akienda. Boma lake lilikuwa upande mwingine kabisa. Alitembea usiku wote katika mvua na tope. Nilimpa chai, akanywa akiwa amesimama. Kisha akaniuliza swali moja, baba yangu atazikwa wapi. Nikamjibu, nyumbani, shambani kwake. Akasema hilo ni jema, na akaeleza kitu kwa mlinzi ambacho mlinzi hakukifasiri.

Nilielewa baadaye. Wabarabaig humjengea mzee wao mashuhuri kaburi la kichuguu kirefu, na shughuli zake huchukua miezi, na jamaa huitwa kutoka mbali kwa miguu ya wajumbe. Makaburi hayo ni kama maandishi yao juu ya nchi. Miaka ya 1970 yalipoanzishwa mashamba makubwa ya ngano ya Hanang kwa msaada wa Kanada, ardhi ipatayo ekari laki moja ilichukuliwa, na baadhi ya makaburi yalilimwa na matrekta pamoja na malisho. Kesi zilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Sijui kama kaburi la baba wa mzee yule lilikuwa miongoni mwake, kwa sababu mlinzi hakutaka kunieleza na mimi sikumshurutisha. Nilipata lifti ya Land Rover hadi Haydom, nikalala huko, nikapanda basi hadi Mbulu, nikapanda Kainam kwa miguu. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa, lakini nilikaa matanga na ndugu zangu, na mama akaniona.

Niliporudi nilimtafuta mzee nimpe blanketi. Watu walisema amehama na ng'ombe wake kuelekea kusini kutafuta malisho. Katika daftari, tarehe ile haina jina la mpelekaji, kwa sababu sikumwuliza jina lake. Niliandika tu: mzee wa Kibarabaig, usiku.

Aprili ilirudi kwa namna nyingine miaka miwili baadaye. Tarehe 12 Aprili 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja redioni kututangazia kuwa Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki katika ajali ya gari. Sokoine alikuwa mtu wa Monduli, wa mkoa wetu. Jioni ile betri zilikuwapo. Kesho yake asubuhi niliwapanga wanafunzi wa darasa la saba, nikawatuma vitongojini wawili wawili, na kila nyumba waliyofika walikuta mtu mwingine amekwisha kufika.

Sasa niseme upande wa pili, nisije nikaonekana mzee anayelilia giza. Njia ile ilikuwa ya polepole na ilikosea mara nyingi. Watu wengi walizika bila mtoto wao mkubwa. Wengine hawakupata fedha ya kulipia tangazo, na maiti zao hazikuwahi kutajwa popote. Redio za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994, na simu za mkononi zilipotufikia baada ya mwaka 2000, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Leo binti yangu akiwa Mwanza anajua hali yangu kila jioni. Redio ya taifa yenyewe ilibadilika, ikapewa jina la TBC mwaka 2007, na ina washindani wengi. Mwalimu aliye Bassotu leo hapotezi mazishi ya baba yake kwa ajili ya betri nne.

Kilichoondoka ni yule mtu wa katikati. Simu inalia katika mfuko wa mwenyewe, na jirani hajui kwa nini jirani yake ameondoka alfajiri. Zamani nisingeweza kufiwa kwa siri. Duka zima lilifahamu kabla yangu. Mjukuu wangu hajawahi kuamshwa usiku apeleke habari isiyomhusu, na sijui nimfundisheje jambo ambalo hakuna haja nalo.

Au pengine nakosea. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha zilinifikia katika simu mara tisa kabla ya mchana, picha zile zile. Nina wanafunzi wengi wa zamani Katesh. Nilipiga simu, nyingi hazikupatikana. Huyo mjukuu wangu, wa miaka 14, aliona majirani wamejaa uani kwetu kwa sababu simu zao hazina chaji na wana ndugu huko. Hakuambiwa na mtu. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akawa anasoma kwa sauti kila jina lililokuja katika simu yake, na alipomaliza akauliza kama kuna mtu anawajua wenyewe wa majina mawili ambayo hayakupokelewa na yeyote. Kijana wa bodaboda akasema la pili analijua, akawasha pikipiki.

Nilikwenda kabatini nikalitoa daftari nimwonyeshe. Alilipenda. Alipitisha kidole kwenye safu ya nne akisoma, mpaka akafika ukurasa wa Februari 1987, akaniuliza, "Babu, huyu nani alimpelekea?"

Nilimwambia akaoge.

Jina lile ni la mkulima aliyeishi ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu. Tangazo lilisema mama yake amefariki Karatu, mazishi Alhamisi, na lilikuwa Jumanne. Angeondoka usiku ule au asubuhi angewahi. Nyumbani kwangu walikuwapo watu sita. Niliandika tarehe, jina na mahali. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Sikuuliza, "Nani anakwenda?" Nilifunga redio, nikasema usiku mwema, na kila mmoja akaondoka akidhani mwalimu amekwisha kupanga mtu, maana ndiyo ilikuwa kazi ya mwalimu.

Kwa miaka mingi nilijieleza kuwa ni mvua. Korongo hujaa, mtu angeweza kuzama. Lakini wiki mbili kabla ya siku ile mkulima huyo alimtoa binti yake darasa la sita ili amwoze, mimi nikampeleka kwa Mratibu wa Elimu wa Kata, na yeye akanitukana mbele ya walimu wangu na wanafunzi. Binti alirudi shuleni. Katika hilo sijutii chochote. Usiku wa tangazo nilipolisikia jina lake, kitu cha kwanza kilichonijia ni lile tusi, na baada yake ndipo nikasikia mvua.

Alipata habari Jumamosi, mnadani, kutoka kwa mchuuzi wa mitumba. Alinikuta pale pale, karibu na mizani ya ng'ombe. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwalimu, Jumanne redio yako ilikuwa na betri?"

Nikamjibu kuwa zilikuwa zimekwisha.

Alinitazama kwa muda, akasema, "Betri ni shida siku hizi," akaenda zake. Hatukuwahi kulizungumza tena, ingawa tuliishi karibu mpaka nilipohamishwa. Aliniletea asali mara mbili. Mwaka 2014 alifariki, na aliyenipigia simu kuniambia ni binti yake yule, ambaye sasa ni mwalimu. Nilikwenda kumzika. Nilikuwa nimelitia daftari mkobani nikikusudia kumwonyesha binti ule mstari na kusema yaliyotokea, lakini watu walikuwa wengi, na mimi nilipewa nafasi ya kuzungumza kama mgeni wa heshima, nikazungumza juu ya elimu.

Wino wa mistari mingine ya ukurasa ule umefifia kidogo, lakini unasomeka. Mstari ulio juu yake umejazwa safu zote nne, na ulio chini yake pia.